Fundi wa nyaya aliyemfunga rafiki yake kwenye chelezo cha Lufira

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatano, baridi ya Julai imeubana mtaa wa Golf, na kila Clovis Nkandu anapofungua mdomo pumzi inatoka kama moshi. Amesimama chini ya nguzo mpya ya umeme, shingo ameikunja nyuma, macho hayabanduki juu. Nguzo yenyewe haimshughulishi. Anamtazama mtu.

Mtu huyo ni Faustin Bwalya, fundi mwenzake kwa mwaka wa tisa sasa. Yuko mita tisa kutoka ardhini. Vyuma vyenye meno alivyofunga miguuni vimeng'ata mti, mkono wa kushoto umeikumbatia nguzo, wa kulia unakaza skrubu. Kiunoni hana kitu. Mkanda wa ngozi, ule ambao kila fundi wa nyaya hujifunga kwenye nguzo kabla ya kuachia mikono, ameuacha chini juu ya sanduku la vifaa.

"Faustin, fanya polepole!" Clovis anapaza sauti.

"Unyamaze, yaya! Ukiita-ita njo nitaanguka," Faustin anajibu kutoka juu; yaya kwao ni kaka mkubwa.

Clovis ananyamaza. Kwa muda wa robo saa, anayemtazama kwa karibu ataona vidole vyake vinajikunja na kujikunjua, kana kwamba ni yeye aliyeshikilia ile nguzo.

Faustin anapotua chini salama, Clovis anaketi juu ya rundo la udongo na kujifuta jasho. Jasho, katika baridi ile!

"Kila siku iko vile," anasema. "Yeye anapanda, mi nakufa. Anashuka, mi nafufuka. Mara sita, mara saba kwa siku. Roho inachoka, bwana."

Clovis ana umri wa miaka thelathini na minne, ni baba wa watoto wanne, na anaishi Katuba pamoja na mkewe, Honorine. Baba yake alitoka kaskazini ya Katanga kuja kulaza reli. Mwana yeye akachagua kwenda juu. Tangu Januari mwaka huu wa 1962, yeye na wenzake saba wamesimamisha upya nguzo arobaini na moja hapa Elisabethville, mji ambao wengi wetu hupenda kuuita Lubumbashi kwa jina la mto wake. Vita vya Septemba mwaka jana vilipita juu ya nguzo, vya Desemba navyo vikapita. Wakubwa wanabishana nani atawale, na mafundi wanafuata nyuma na ngazi. Zipo nguzo ambazo Clovis amezisimamisha mara mbili, na hacheki akilisema hilo.

Lakini nguzo si tatizo lake mwaka huu. Tatizo lake ni kiuno cha Faustin.

Msimamizi wao, Edouard Mwape, ambaye mafundi humwita kapita, amekwisha kusema mara mbili kwa upole na mara moja kwa ukali. Jumamosi ndiyo mwisho. Faustin apande na mkanda mbele ya macho yake, ama ateremshwe kwenda kuchimba mashimo ya nguzo, kazi yenye karibu nusu ya mshahara wake wa sasa na isiyomrudisha mtu juu kirahisi.

"Sina chuki naye," kapita Mwape anasema, kisha anatia "lakini" yake ya Kifaransa. "Mais mi nilisha kuzika bantu babili mu hii kazi, na bote babili hawakuvaa mukaba. Wa tatu, hapana."

Na hapo ndipo Clovis anapoinamisha kichwa, kwa sababu anajua vizuri kilichomfanya Faustin auogope mkanda. "Ile woga ni mi nilimupatia," anasema. "Na hii mikono."

*

Mafundi wa nyaya wana desturi yao. Kabla ya mtu kupanda, mwenzake humkagua. Huvuta mkanda mara tatu, hutazama kulabu, kisha husema: "Inashika." Asiposikia neno hilo, fundi hainui mguu. Haijaandikwa popote, lakini hata mlevi haisahau.

Katika kikosi kile hakuna anayekagua kama Clovis. Wenzake humtania kwamba akifika mbinguni atauvuta mkanda wa malaika. Honorine anasema mumewe akifunga mlango hurudi kuusukuma mara tatu, naye ameshazoea kumngojea barabarani.

Mikanda mingi ya kikosi ni ya zamani na kulabu zake zimelika mdomo. Kwa hizo Clovis ana dawa yake: huuzungushia mdomo wa kulabu waya wa shaba, mizunguko saba, na kuificha ncha chini ya ngozi isimchome mtu. Kulabu iliyofungwa hivyo haifunguki kwa bahati mbaya. Wala haifunguki upesi, lakini juu ya nguzo nani ana haja ya kufunguka upesi?

Mwezi wa Aprili, baada ya Pasaka, kikosi kilipewa mapumziko ya siku sita. Yalikuwa ya kwanza tangu vita. Clovis, Faustin na Adalbert, dereva wa lori lao, wakaamua kwenda Lukafu, ambako mjomba wa Honorine analima mihogo na mahindi. Walitaka kula samaki wabichi na kukaa mahali ambapo hakuna mtu anayezungumza habari za bunduki.

Wazo la chelezo lilikuwa la Adalbert, na mwenyewe hakatai. Alikuwa na mipira ya ndani ya matairi ya lori, minne, iliyozibwa viraka. Clovis akaleta kipande cha roli la mbao ambalo nyaya huzungushiwa zikitoka kiwandani, duara pana kama meza ya watu wanane, lenye pete za chuma pembeni; mipira ingefungwa chini yake. Waliipakia mizigo hiyo kwenye lori la mfanyabiashara na kupita nayo vizuizi vitatu vya barabarani. Kwenye kizuizi cha pili askari jandarma mmoja aliigonga mipira kwa kitako cha bunduki na kuuliza ni ya nini.

"Nikamuambia, chef, ni ya konji, tuko mu mapumziko, tunaenda kucheza ku mayi," Adalbert anasimulia. "Akacheka mupaka akashika tumbo. Akasema, bantu ba Elisabethville muko na wazimu. Sikujua kama iko nabii."

Mto Lufira, unaopita karibu na hapo, ulikuwa bado umejaa maji ya mvua. Siku ya kwanza na ya pili waliteremka mahali pa utulivu, wakaimba, wakachomwa na jua, wakala. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kuogelea. Siku ya tatu wakatamani kwenda mbele zaidi, pale ambapo mto unajibana kati ya mawe na maji yanageuka meupe. Kwa mbali, Clovis anasema, mngurumo ule ulikuwa mzuri kuusikiliza.

Basi wakafanya jambo ambalo mvuvi hawezi kulifanya, wala mkulima wa Lukafu. Ni fundi wa nyaya peke yake anayeweza kulifikiria. Walitaka usalama, wakajifunga.

"Mu kazi yetu, hatari ni kuanguka," Clovis anaeleza, na anaongea taratibu kama mtu anayejibu mahakamani. "Kama unaogopa, unajifunga. Unaogopa sana, unajifunga sana. Miaka yote banatufundisha paka ile, ile tu. Tulikuwa na mikaba yetu, juu ya vile fundi haachi mukaba wake ku kazi, banaiba. Tukatia kroshe, ile kulabu, mu zile pete. Nikamukagua Faustin. Kroshe yake ilikuwa ya zamani. Nikatia waya."

Mizunguko saba. Akavuta mara tatu. Akasema, "Inashika," na Faustin akampigia saluti ya mzaha.

Adalbert, kwa kuwa ni dereva, hakuwa na mkanda. Walimcheka. Walimwambia ashikilie mbao na kusali.

*

Chombo cha duara hakina mbele wala nyuma. Kilipoingia kwenye maji meupe kilianza kuzunguka, na Clovis anakumbuka kuona ukingo, mawe, ukingo, mawe, hata akashindwa kujua mto unakwenda wapi. Jiwe la kwanza liliwarusha juu. Adalbert aliruka akaanguka majini, maji yakambeba, yakamgonga huku na huko, yakamtupa kwenye mchanga mita hamsini mbele. Alisimama akiwa na mchubuko wa goti, basi.

Waliojifunga hawakuruka. Jiwe la pili lilikipindua chelezo, kikakwama kati ya miamba miwili, mipira juu, mbao chini. Chini ya mbao walikuwa watu wawili wamening'inia kwa viuno.

"Nilifungua macho, nikaona paka mwangaza ya manjano," Clovis anasema. "Nikafikiri, bon, njo nimekufa. Kisha nikaguswa na muguu. Ilikuwa muguu ya Faustin, ilikuwa inapiga-piga."

Kulabu ya Clovis ilikuwa mpya. Aliisukuma kwa kidole gumba, ikafunguka. Alitokea upande wa pili, akashika mpira, akavuta pumzi. Anakiri kwamba alivuta pumzi nyingi kuliko alivyohitaji. Anakiri hilo bila kuulizwa.

Kisha akarudi chini.

Alikitafuta kiuno cha Faustin kwa kupapasa. Akaipata kulabu, akaukuta waya wake mwenyewe. Alikuwa ameificha ncha vizuri, kama kawaida yake. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Mzunguko wa kwanza ukatoka, wa pili ukatoka, pumzi ikaisha. Akapanda, akavuta, akashuka tena. Safari hii mguu wa Faustin ulikuwa hauchezi.

"Njo pale nilichukia kazi yangu," anasema. "Nilikuwa naita mu roho: wee Clovis, juu ya nini unakaza vile? Juu ya nini haukuacha hata kidogo?"

Mizunguko miwili ya mwisho aliitoa kwa meno. Anafunua mdomo na kuonyesha: jino la mbele limevunjika nusu, na hajataka kwenda kulitengeneza.

Adalbert, aliyekuwa ukingoni akilia, hana saa ya kusema ilichukua muda gani. Ana kipimo kingine. "Nilisali Salamu Maria sita mbio-mbio. Ya saba nilisahau maneno."

Kulabu ilipoachia, maji yaliwachukua wote wawili mpaka penye kina kifupi, na Adalbert akawavuta. Mama mmoja aliyekuwa akikausha samaki karibu na hapo, Mama Constance, alikuja mbio, akamlaza Faustin kifudifudi juu ya mtumbwi uliopinduliwa na kumkandamiza mgongoni kwa viganja vyote viwili. Maji yakatoka. Yakatoka tena. Kisha kikohozi.

Mama Constance alipouona mkanda uliobaki kiunoni, aliwageukia wale wawili kwa hasira. "Munafunga muntu ku mayi? Ni mbuzi?"

Faustin alifungua macho, akamtafuta Clovis, na kumwambia kwa sauti isiyozidi mnong'ono: "Yaya. Ulinikaza sana."

Hayo ndiyo maneno pekee aliyoyasema juu ya siku ile mpaka wiki hii. Hakulaumu, hakugomba, hakuacha kuja Katuba kula Jumapili. Lakini alianza kubadilika katika vitu vidogo vidogo. Alitoa kamba za viatu, akawa anavaa makubazi. Tai yake ya kanisani alimpa shemeji. Kifungo cha shati cha shingoni hakifungi tena hata kwenye baridi hii. Na aliporudi kazini, Clovis alipomnyooshea mkono kumkagua, Faustin alirudi nyuma hatua mbili, akauvua mkanda, akauweka juu ya sanduku na kupanda.

"Angenipiga ngumi, ningeshukuru," Clovis anasema.

*

Kwa miezi mitatu Clovis alijaribu njia anazozijua. Alimbembeleza. Alimtumia Honorine. Alimnunulia mkanda mpya, ukakaa sandukuni. Wiki hii ya mwisho, anasema, ndipo alipoacha kufikiria mkanda na kuanza kufikiria mtu.

"Nikajiuliza: yeye anaogopa nini? Poto, ile nguzo, haogopi. Kuanguka haogopi, unamuona vile anapanda. Anaogopa kintu chenye yeye mwenyewe hawezi kufungua."

Kwenye lori la Adalbert palikuwa na kulabu ya springi iliyoshikilia turubai. Clovis aliiomba. Akaipeleka kwa fundi wa vyuma, akamwomba auongezee ulimi upana, ili kidole gumba kimoja, hata kilichokufa ganzi, hata gizani, kiweze kuufungua. Akaining'iniza kwenye boriti na mifuko miwili ya saruji, kisha akaning'inia yeye mwenyewe juu ya mifuko. Ikashika. Akamwonyesha kapita Mwape, ambaye aliivuta, akaigonga kwa nyundo, na kusema inafaa.

Alhamisi asubuhi Clovis alifanya jambo lililo kinyume cha tabia yake. Hakumpa Faustin kulabu ile mkononi. Hakumweleza kitu. Aliiacha kwenye mkanda juu ya sanduku na kwenda zake kupanga nyaya upande wa pili wa barabara, mgongo amempa.

Mchana, wakati wa kula bukari, ugali wao, alisikia kishindo kidogo cha chuma. Tek. Kisha tena, tek. Faustin alikuwa akila kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto anaifungua na kuifunga kulabu. Clovis hakugeuka. Adalbert anasema Clovis alitafuna tonge lile lile mpaka wenzake wakaondoka.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, kikosi kizima kimekusanyika chini ya nguzo ya mwisho ya mtaa wa Golf, mbele ya jumba la kifahari ambalo ukuta wake una matundu ya risasi. Kapita Mwape amesimama na mikono nyuma. Faustin anatoka mbele.

"Bantu bote barudi nyuma kidogo," anasema. "Na wee pia, yaya."

Clovis anarudi nyuma. Anaiweka mikono mfukoni, kwa sababu haiamini.

Faustin anajifunga mwenyewe. Anaifungua kulabu. Anaifunga. Anaifungua. Mwandishi wa habari hizi alihesabu mara kumi na moja, na hakuna aliyecheka wala kumhimiza. Hakuna aliyemvuta mkanda, hakuna aliyesema "Inashika." Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, mkanda umefungwa bila kukaguliwa, na Clovis ndiye aliyekubali iwe hivyo.

Kisha Faustin anapanda.

Anafika juu. Anauzungusha mkanda nyuma ya nguzo na kutia kulabu kwenye pete. Kwa kitambo anabaki ameikumbatia nguzo, shavu limegusa mti, na huku chini Clovis anasikika akisema polepole, "Bado, kaka, bado, usiharakishe." Mkono wa kulia unaachia. Wa kushoto unachelewa. Halafu nao unaachia, na Faustin Bwalya anaegemea nyuma, juu ya anga tupu, mikono yote miwili iko huru.

Clovis anaugeukia ukuta wenye matundu. Mabega yake yanatikisika, na hafanyi juhudi ya kuficha.

"Bon," kapita Mwape anasema, akikohoa pasipo na kikohozi. "Siku ya kwanza, Jumatatu, munaanza upande wa stesheni. Bote."

Faustin anaposhuka, anaifungua kulabu kwa kidole kimoja na kwenda moja kwa moja mpaka ukutani. Anasimama karibu na Clovis. Wanaume hawa wawili hawajaizoea lugha ya namna hii, na inachukua muda.

"Ile siku ulinifunga juu ya vile unanipenda," Faustin anasema. "Ninajua. Tangu ile siku ninajua. Mais usinifunge tena."

"Sitakufunga tena," Clovis anajibu.

Mchana ule ule, akiwa ameketi kwenye ngazi ya lori, Clovis ana mipango. Anataka mikanda yote minane ya kikosi itiwe kulabu kama ile kabla ya mvua kuanza, na kapita amekubali kuipeleka habari kwa wakubwa. Wanao waya wa shaba wa kutosha, anasema, utafanya kazi nyingine.

Na mapumziko yajayo, kama nchi itawapa mapumziko? Anacheka, na pengo la jino linaonekana. Honorine anataka waende Mokambo kwa dada yake, sokoni, mbali na mto wowote. Lakini yeye amekwisha kumwambia Faustin kwamba anataka kurudi Lufira wakati maji yamepungua, apeleke kitenge kwa Mama Constance, na ajifunze kuogelea pale penye mchanga.

"Muntu muzima wa miaka makumi tatu na ine, najua, batoto batanicheka," anasema. "Nataka niingie ku mayi bila mukaba, bila kamba, bila kintu. Na Faustin asimame pale pembeni. Akiona naogopa, asinifunge. Anipatie paka mukono."